Vocha si sadaka: duka likikataa, usiondoke na aibu

Hebu nikuulize swali. Ukienda dukani na noti ya elfu moja, keshia akuambie "hii leo hatuchukui, rudi wiki ijayo," utafanya nini? Utacheka kwanza, halafu utauliza kama yuko sawa kichwani. Sasa weka noti kando, utoe vocha ya elfu moja ya duka hilo hilo, yenye nembo yao na muhuri wao. Keshia akikuambia maneno yale yale, wengi wetu tunasema "sawa basi," tunairudisha mfukoni na kutoka nje tukitazama chini. Yaani unaona aibu kana kwamba ni wewe uliyeenda kuomba.

Hiyo aibu ndiyo nataka tuimalize leo, kwa sababu iko upande usiofaa. Ukishika vocha iliyolipiwa, wewe ndiwe unayedai. Duka ndilo lenye deni. Pesa zilishaingia kwao, ama jasho lako lilishaingia kwao, na ile karatasi ni ushahidi kwamba bado hawajakulipa. Wahenga walisema ahadi ni deni. Hii ni zaidi ya ahadi, ni deni lenye muhuri.

Mimi si wakili. Chuo niliacha mwaka wa pili, na hata huko sikuwa nasomea sheria. Lakini sheria za Kenya ziko kwenye intaneti bure, na anayeweza kusoma maoni mia mbili chini ya video ya mchekeshaji anaweza kusoma kurasa chache za sheria inayolinda mfuko wake.

Si mambo ya Nairobi pekee

Usifikiri vocha ni za watu wa Westlands. Hapa Kanyakine, kati ya Nkubu na Igoji, zinazunguka kuliko unavyodhani. Mwajiri anawapa wafanyakazi vocha za Krismasi badala ya bonasi. Timu inashinda mashindano ya kijiji, zawadi inakuwa vocha za duka la vifaa vya michezo. Shangazi aliye Nairobi anamnunulia mwanafunzi vocha ya sare na viatu. Na sisi vijana wa kazi za mkono kwa mkono, wa kamera, wa mabango, wa kuchezesha muziki, wa bodaboda za kupeleka mizigo, siku hizi tunaambiwa: "Pesa taslimu ni nusu, hiyo nyingine chukua vitu dukani."

Rafiki yangu mmoja wa kamera alikubali dili ya aina hiyo. Duka moja, jina nitaliacha, lilitaka picha na video za siku ya kufungua tawi. Walikubaliana Sh12,000: Sh4,000 kwa simu na vocha nane za elfu moja moja. Akapiga kazi, akahariri usiku kucha, video ikawekwa kwenye ukurasa wao ikapendwa sana. Baada ya miezi miwili mama yake akamtuma unga, mafuta ya kupikia na sukari. Akaenda na vocha tatu. Kwenye kaunta akaambiwa, "Hizo zilikuwa za meneja wa zamani, sisi hatuzijui." Nyuma yake kulikuwa na foleni. Akaacha vitu kwenye kaunta, akaondoka.

Angalia hapo. Video yao bado inaonekana mtandaoni inawaletea wateja. Kazi ya meneja wa zamani wanaijua vizuri sana. Kisichojulikana ni malipo tu.

Jua umeshika vocha gani

Kabla hujapandisha sauti, angalia kile ulicho nacho, maana vocha hazilingani.

Ya kwanza ni ya punguzo: "Nunua vitu vya elfu mbili tukukatie mia mbili." Hii ni chambo cha biashara. Hakuna aliyeilipia, kwa hivyo masharti yakiandikwa wazi, duka lina haki ya kuyafuata. Lakini haliruhusiwi kukuvutia kwa tangazo halafu ukifika ndani likuambie habari tofauti. Huo ni upotoshaji, na sheria ina jina lake: mwenendo usio wa haki.

Ya pili imelipiwa na mtu. Mwajiri, shangazi ama wewe mwenyewe ulitoa pesa mapema. Hapa duka limekaa na pesa zenu tangu siku hiyo, bila riba, likizizungusha. Halikufanyii hisani kukupa unga.

Ya tatu ni ya jasho, kama ya rafiki yangu. Hukulipa shilingi, ulilipa kwa kazi. Mtu anaweza kubisha kwamba kwa hiyo wewe si mteja wa kawaida. Sawa, abishe. Makubaliano ni makubaliano. Nchini Kenya mkataba wa kazi ndogo kama hiyo hauhitaji wakili wala karatasi ya mahakama; hata ujumbe wa WhatsApp unaosema "tutakupa elfu nne na vocha nane" ni ushahidi.

Na hapo hapo, kama wewe ni mfanyakazi wa kuajiriwa, usikubali kuchezewa. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema mshahara ulipwe kwa pesa za Kenya. Vocha inaweza kuwa zawadi juu ya mshahara. Haiwezi kuwa mshahara. Ukiona bosi anakukatia siku kumi za kazi na kukupa karatasi za kuchukulia bidhaa kwa duka la shemeji yake, hilo ni suala la kupeleka kwa afisa wa leba, si kwa keshia.

Sheria inasemaje

Anza juu kabisa. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtumiaji haki ya bidhaa na huduma za kiwango kinachofaa, haki ya kupewa habari anazohitaji, na haki ya kulindwa kiafya, kiusalama na kiuchumi. Pesa zako kukwama ndani ya droo ya mtu ni maslahi yako ya kiuchumi. Tena kifungu hicho hakichagui: kinahusu mashirika ya serikali na biashara za watu binafsi.

Chini ya Katiba kuna Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012. Mambo matatu yaweke kichwani. Moja, ni kosa kwa muuzaji kukupa maelezo ya uongo ama ya kupotosha ili ununue. Mbili, makubaliano yakiwa na maneno yanayoweza kueleweka kwa njia mbili, yanasomwa kwa faida ya mteja. Tatu, haki hizo hazifutwi na bango la ukutani. Ile karatasi ya "uamuzi wa meneja ni wa mwisho" haina nguvu ya kufuta sheria ya Bunge.

Halafu kuna Sheria ya Ushindani ya 2010, ambayo iliunda Mamlaka ya Ushindani ya Kenya. Hawa wengi tunawasikia wakati kampuni kubwa zinanunuana, lakini kazi yao nyingine ni malalamishi ya wateja. Wakati korona ilipoingia Machi 2020 na maduka yakaanza kupandisha bei ya vitakasa mikono, mamlaka hiyo iliiamuru supamaketi ya Cleanshelf kuwatafuta wateja waliotozwa zaidi na kuwarudishia pesa. Soma tena hapo: supamaketi ndiyo iliyoambiwa itafute wateja. Kwa hivyo usiniambie kwamba hapa Kenya duka haliguswi.

Visingizio na majibu yake

Nimeuliza watu hapa mtaani waliambiwa nini walipokataliwa. Majibu yanajirudia.

"Mitambo iko chini." Inawezekana ni kweli. Uliza itarudi lini, kisha omba keshia aandike nyuma ya karatasi kwamba ulifika tarehe hiyo ukaambiwa hivyo, na atie sahihi. Kama ni uongo, mara nyingi mitambo huamka hapo hapo.

"Meneja aliyezitoa aliondoka." Meneja alikuwa mfanyakazi. Anayedaiwa ni biashara, na biashara bado iko na bango lake juu ya mlango. Jambo hubadilika tu kama biashara yenyewe imeuzwa kwa mtu mwingine kabisa. Hapo deni linaweza kubaki kwa mwenye wa zamani. Ndiyo maana ni muhimu kuangalia jina lililo kwenye risiti na kwenye namba ya kulipia, si rangi ya ukuta tu.

"Kampuni iliyowapa haijatulipa." Hayo ni yao wawili. Kama vocha yako haisemi itakubaliwa mwajiri akishalipa, basi duka lilichagua kumwamini mwajiri, na hasara ya kumwamini si yako. Lakini usikae hapo tu. Rudi pia kwa mwajiri umwambie zawadi yake imekataliwa. Yeye ana namba ya mkubwa wa duka. Wewe una ya keshia.

"Imepitwa na muda." Hiki ndicho kigumu, nitakuambia ukweli. Kama tarehe iliandikwa wazi na ukaiona, mguu wako ni mfupi. Kama haikuandikwa popote, waulize sharti hilo lilitoka wapi, maana sharti la kubuniwa kwenye kaunta halikuwa sehemu ya makubaliano. Nchi nyingine zimeshalimaliza hili. Marekani, sheria ya 2009 ilizuia kadi za zawadi kuisha kabla ya miaka mitano. Australia iliweka miaka mitatu kuanzia Novemba 2019. Jimbo la Ontario kule Kanada liliondoa tarehe ya mwisho kwa kadi nyingi za zawadi tangu 2007. Sheria yetu ya 2012 inafanana sana na ya hao watu wa Ontario, lakini haikutaja muda wa vocha. Hilo ni pengo, na mbunge anayetafuta kura za vijana 2027 anaweza kulichukua bure kutoka kwangu.

Na tusijidanganye kwamba Wakenya hawajali vitu hivi. Safaricom ilipotangaza 2022 kwamba pointi za Bonga zilizopita miaka mitatu zitafutwa, mitandao iliwaka moto. Pointi ambazo mtu hata hakumbuki alizipataje! Sasa kwa nini tunyamaze kuhusu elfu nane za jasho?

Serikali nayo ina kaunta

Mwenye shamba la kahawa ama migomba hapa Imenti Kusini anajua vocha nyingine, ile inayokuja kwa SMS. Tangu mpango wa mbolea ya ruzuku uanze 2022, mkulima anajisajili, anapata ujumbe wenye namba, anaenda kwenye ghala la Bodi ya Nafaka na Mazao analipa bei ya chini. Ilianza kwa Sh3,500 kwa gunia, ikashuka hadi Sh2,500 mwaka wa 2023. Wazo ni zuri. Lakini kilio unachokisikia kila msimu ni kile kile: SMS imefika, mbolea haijafika. Mzee analipa nauli, anapanga foleni, anaambiwa arudi. Mvua haimsubiri.

Kumbuka nilichosema kuhusu kifungu cha 46: hakichagui kati ya serikali na duka. Kwa hivyo wewe kijana unayemsaidia babu kusoma ile SMS, msaidie pia kuihifadhi. Usiifute. Andika tarehe mliyoenda na mlichoambiwa. Wakulima kumi wenye tarehe zao mkononi mbele ya chifu si sawa na wazee kumi wanaolalamika.

Hapa haraka ina baraka

Kuna hali moja ambapo hata ukiwa na haki yote, mkono utarudi mtupu. Ni duka likianguka.

Muulize yeyote aliyekuwa na vocha ya Nakumatt. Wakati mmoja lilikuwa ndilo jina kubwa zaidi, likiwa na matawi zaidi ya 60 hapa Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda. Mwaka wa 2017 rafu zikaanza kuwa tupu. Januari 2018 likawekwa chini ya msimamizi, na Januari 2020 wadai wakapiga kura lifungwe kabisa. Madeni yalikuwa ya mabilioni. Uchumi ilikuwa imeshapitia hayo 2006, na Tuskys ikafuata njia hiyo kuanzia 2020.

Kampuni ikifilisika, kuna foleni ya kulipwa. Mbele wako wenye dhamana kama benki, wako wafanyakazi wanaodai mishahara, iko kodi. Mwenye vocha yuko mwisho kabisa, pamoja na wasambazaji waliopeleka maziwa na mkate. Ukifika hapo, ile karatasi ni kumbukumbu tu.

Kwa hivyo usiiweke vocha ndani ya Biblia ukisubiri sikukuu. Itumie mwezi huo huo. Ukiona rafu zinapungua, wahudumu wanapunguzwa na kila kitu ni "kesho," nenda siku hiyo, chukua unga, mchele, sabuni, vitu visivyooza. Na kama unapatana na mtu kazi mpya, dai pesa taslimu iwe sehemu kubwa, vocha iwe ndogo.

Ukikataliwa, fanya hivi

Kwanza, usimtukane keshia. Huyo ni kijana kama wewe, analipwa kidogo, na si yeye aliyetunga hiyo amri. Muombe kwa heshima amwite msimamizi.

Pili, usiachie vocha. Wakisema "iache tuiangalie," wape picha. Piga picha mbele na nyuma kabla hata hujatoka nyumbani. Karatasi ikishaingia kwenye droo yao, ushahidi wako umekwenda nayo.

Tatu, andika. Si lazima iwe barua ya Kiingereza cha mahakama. Tuma kwa WhatsApp, kwa barua pepe ama peleka mwenyewe ukiwa na nakala wanayogonga muhuri. Kitu kama hiki kinatosha:

"Mimi ni mwenye vocha namba hizi, za jumla ya Sh8,000, mlizonipa tarehe fulani kama malipo ya kazi niliyofanya. Tarehe fulani nilifika dukani kwenu mkakataa kuzipokea. Naomba mzipokee ama mnilipe pesa taslimu ndani ya siku saba. Msipofanya hivyo nitapeleka malalamishi kwa Mamlaka ya Ushindani na kufungua kesi katika Mahakama ya Madai Madogo."

Rafiki yangu alituma maneno karibu na hayo, akaambatisha mazungumzo yake na yule meneja na kiungo cha video. Siku ya tano akapigiwa simu. Alichukua bidhaa za elfu tano siku hiyo na za elfu tatu wiki iliyofuata. Hakuna aliyemwomba msamaha, lakini mama alipata mafuta.

Nne, wakinyamaza, timiza ulichosema. Malalamishi kwa Mamlaka ya Ushindani hayatozwi pesa. Na Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa na sheria ya 2016 na kuanza kazi Milimani, Nairobi, Aprili 2021, ilitengenezewa watu kama sisi hasa. Inasikiza madai yasiyozidi Sh1 milioni, yakiwemo ya mikataba ya kuuza bidhaa na kutoa huduma. Huhitaji wakili. Sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60 tangu ifunguliwe. Kutoka hapa Kanyakine, panda matatu hadi mahakama ya Nkubu, ingia kwenye ofisi ya usajili uulize kesi za aina hiyo zinafunguliwa wapi katika kaunti yetu. Kuuliza ni bure.

Najua utasema: "Kwa sababu ya elfu moja nianze kuzunguka mahakamani?" Ni kweli, kwa elfu moja nauli na siku za kazi zinaweza kula faida yote. Duka linajua hivyo, na hesabu yao imejengwa juu ya uchovu wako. Ndiyo maana barua inakuja kwanza, kwa kuwa inagharimu dakika kumi. Na ndiyo maana ni vizuri kutafutana. Kama mwajiri mmoja aliwapa watu thelathini vocha na zote zimekataliwa, hayo si malalamishi thelathini ya elfu moja. Ni deni moja la elfu thelathini, na sheria ya 2012 inaruhusu watumiaji kushtaki kwa pamoja.

Na kwako wewe mwenye duka unayesoma hii, labda pia ni kijana ndiyo umeanza: sisemi ufe njaa. Vocha bandia zipo, na una haki ya kukagua namba na kuuliza maswali. Ziandike kwenye daftari unapozitoa, weka namba, weka tarehe ya mwisho kwa maandishi makubwa, na pesa yake usiihesabu kama faida mpaka bidhaa itoke mlangoni. Ukishindwa kulipa leo, sema ukweli na utoe siku. Mteja wa Kanyakine ataelewa, lakini "hatuzijui" hataisahau, na atamwambia kila abiria wa matatu kutoka hapa mpaka Meru.

Sasa nenda ufungue ile droo. Kama kuna vocha humo, soma tarehe, piga picha, na wiki hii uipeleke. Wakikataa, waulize kwa utulivu wakuandikie sababu. Dawa ya deni ni kulipa, na safari hii anayedaiwa si wewe.